Sashe Zilizokataa Kuoza

Giheke, Rusizi
Tarehe 9 Desemba 2014

Mpendwa mdogo wangu Mulume,

Pokea salamu zangu nyingi. Baridi ya Liège inakutendeaje, na kile kifua chako? Béatrice mkeo na batoto wanaendeleaje? Sisi tunapumua, ila Maman goti linamsumbua, na mimi nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka.

Barua yako kuhusu zile sashe, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, niliisoma mara tatu. Miti mia tatu ya parachichi niliyowapa watu wa Bweyeye ilipandwa pamoja na sashe zake, kwa sababu aliyeniletea hizo sashe alisema zitaozea ardhini. Kiangazi kilipoingia ikaanza kunyauka. Twagirayezu, mkulima wa kule, alitembea siku nzima kuja kuniambia, bila hasira: "Maman, ile miti ulitupatia iko inakufa."

Nilikwenda, nikafukua. Sashe ilikuwa nzima, mizizi imejizungusha ndani kama kamba.

Sasa nimeelewa ulivyonieleza. Plastiki ile ni nyuzi za aina mbili, zimechanganywa makusudi ili zilale ovyo, na vimeng'enya vya ukungu wa udongo vipate upenyo wa kuzikatakata. Lakini zilikaa mwaka na nusu chini ya mabati ya stoo yangu kabla sijazitumia. Kwa joto lile nyuzi zikajipanga, zikabanana, zikaganda kama asali ya zamani, na vimeng'enya vikashindwa.

Kitu ambacho sikukuandikia ni kwamba niliona sashe zimebadilika kabla ya kuwapa watu miti. Zilikuwa zimekakamaa, nyeupe kama maziwa, ukizikunja zinapasuka. Nilinyamaza kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza na watu walikuwa wanasubiri.

Wiki tano nimezunguka Bweyeye nyumba kwa nyumba, nang'oa mti, napasua sashe kwa wembe, narudishia udongo. Kila nyumba nilikiri. Mia moja na kumi na tisa imeshika.

Miti ya Mukankusi, mjane, yote kumi na miwili ilikuwa imekauka. Alinimiminia maji ninawe mikono, kisha akasema taratibu, "Ungesema siku ile, tungezipasua sisi wenyewe."

Nimemwoteshea mingine kwenye maganda ya migomba. Jumatatu nitampelekea kwa miguu, maana barabara imekatika. Sijui kama ataipokea.

Maman na mjomba Ntabaza wanakusalimu. Mungu awafunike wewe na nyumba yako.

Dada yako akupendaye hata akichoka,
Nzigire