Sinywi Dawa, Naweka

Jumanne. Upepo tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye chai. Baridi ya huku Tunduma haina adabu.

Leo nimenyimwa dawa hospitali. Nimerudi mikono mitupu. Na najisikia mwanaume kuliko siku zote tangu nifiwe na mke.

Neema mwanangu, wewe ndiye ulinifungulia huu ukurasa wa mtandaoni mama yako alipofariki. Ulisema baba andika. Basi naandika. Ila ya leo usisome. Ruka.

Mimi ni mtu wa yadi ya mahindi. Zamani nilikuwa mpakizi. Gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, naliweka begani peke yangu, napanda ubao mpaka juu ya lori. Mwaka jana kifua kikanibana nikiwa juu ya ubao. Nikapelekwa Mbeya. Wakasema ni moyo. Wakanipa vidonge vidogo: kikibana tena, weka kimoja chini ya ulimi, kaa chini, tulia. Tangu hapo sipakii. Nashona midomo ya magunia.

Sasa kuna Mama Tusekile. Mjane kama mimi. Anauza maharage kwenye soko la Mpemba, kwao ni Isongole. Tumeelewana tuoane. Jumapili hii washenga wangu wanaenda kwa kaka zake.

Tulijaribu kabla. Mchungaji naye aruke hapa.

Jogoo hakupanda mtungi.

Mara ya kwanza nikasema ni uchovu. Mara ya pili sikusema kitu. Yeye naye kimya. Aliamka akachemsha chai, akanipa, akakaa mbali. Ule ukimya ulinichoma. Nikajua akiwaambia kaka zake hanitaki tena, sina cha kumlaumu. Nikaona lazima nipone kabla ya Jumapili.

Yadini kuna mpakizi tunamwita Beberu. Jina alijipa mwenyewe. Sijui alinusaje habari zangu.

"Shikulu," akaniambia. Ni babu kwa Kibemba, ndivyo anavyoniita. "Betri imekufa?"

"Fanya kazi."

"Meza hiki jioni. Kesho yule mama wa maharage atakuimbia mapambio."

Wenzake wakacheka mpaka gunia likawadondoka.

Kidonge cha bluu, kimefungwa kwenye kipande cha nailoni. Alikipata kwa dereva kwenye foleni ya malori. Hakina boksi, hakina jina. Mimi gunia lisilo na alama ya mwenyewe sishoni. Sasa nimeze kitu kisicho na jina? Nikakitia mfukoni. Leo asubuhi nikaenda hospitali nipewe chenye jina.

Daktari ni mwanamke. Bado binti kabisa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Hapo nikajifunga mwenyewe. Ukishamwita mtu mwanangu, habari ya jogoo unaianzaje?

Nikasema mgongo unauma.

"Mgongo tu, baba?"

"Na chini ya mgongo."

"Chini kwa nyuma au kwa mbele?"

Nikatazama dari. "Kwa mbele."

Hakucheka. Alisogeza kiti. "Baba, ukiwa humu ndani mimi si mwanao. Mimi ni daktari. Sema."

Nikasema. Yote. Jasho linatoka na baridi yote hii.

Akauliza imeanza lini. Kama navuta sigara. Kama nakunywa pombe. Akanipima presha, akanitoboa kidole kuangalia sukari. Akauliza, "Kuna dawa nyingine yoyote unakunywa?"

"Sinywi dawa."

Sikudanganya. Kile kidonge changu sikinywi. Nakiweka chini ya ulimi, kinayeyuka chenyewe, hata maji sitaki. Kwangu mimi kunywa dawa ni kumeza.

Akashika kalamu. Nikaona kabisa anataka kuandika. Nikaiona Jumapili imepona.

Halafu akauliza, "Na kifua, kimewahi kukubana?"

Hapo ndipo nilipoelewa swali linaelekea wapi. Nikisema ndiyo, kalamu inarudi mezani. Nikisema hapana, natoka na dawa yangu. Watu wa Mbeya hawapo hapa kunisema. Nani atajua?

"Kimewahi," nikasema. "Mwaka jana. Nina vidonge vya kuweka chini ya ulimi."

Kalamu ikasimama.

"Si umesema hunywi dawa?"

"Sinywi. Naweka."

Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha ghafla. "Baba, ningekuua. Kwa mkono wangu mwenyewe, kwa neno moja."

Akanieleza taratibu. Ile ya chini ya ulimi inalegeza mishipa. Hizi za nguvu za kiume nazo zinalegeza mishipa. Zikikutana mwilini presha inaanguka chini kabisa. Mtu anazimia, anaweza asiamke. Ndiyo maana wanauliza maswali mengi kabla ya kuandika. Mimi nilidhani ni umbea.

Nikatoa kidonge cha Beberu, nikaweka mezani. "Hiki unakijua?"

"Sikijui. Na aliyekupa hakijui. Kinaweza kuwa chaki, kinaweza kuwa dawa nyingi kupita kiasi. Sasa fikiria umekimeza, kifua kikabana. Ungefanya nini?"

"Ningeweka kile kingine chini ya ulimi."

"Ungefanya kama ulivyofundishwa Mbeya, na ungekufa."

Hilo sikuwahi kuliwaza.

Akasema niwaambie na wenzangu. Mtu akimeza hizi, kifua kikambana, asiweke kitu chini ya ulimi. Akimbizwe hospitali, aseme alichomeza. Aibu itasubiri.

Basi mimi sikuandikiwa. Sukari yangu iko sawa. Ila amesema jogoo kulegea mara nyingine ni moyo unaomba msaada, kwa hiyo moyo upimwe upya Mbeya. Huko wakiona inafaa watanibadilishia dawa, au kuna njia nyingine isiyo ya kidonge. Waamue wao. Nisiache dawa ya moyo kwa akili yangu.

Nimeishia darasa la nne. Najua magunia. Nimebeba lumbesa miaka mingi, na hakuna iliyokuwa nzito kama lile neno "kimewahi". Nimelibeba mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma.

Kutoka pale sikurudi yadini. Nikaenda Mpemba moja kwa moja. Nikamkuta Mama Tusekile anapepeta maharage.

"Nimetoka hospitali. Nimenyimwa dawa."

"Dawa ya nini?"

"Unajua ya nini."

Akaendelea kupepeta. Nikamweleza. Nilipofika kwenye moyo, ungo ukasimama.

"Moyo? Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Na mimi unanificha?"

"Nilificha."

Akauweka ungo chini. Macho yamejaa maji, lakini sauti kali. "Baba Neema, mimi nilidhani hunitaki. Nilidhani ukinishika unamkumbuka marehemu. Nikasema nisimlazimishe mtu, nikanyamaza."

Kumbe. Mimi naogopa kimya chake, yeye anaogopa changu.

Nikamwambia jogoo anaweza asipande tena kama zamani. Sikuahidiwa kitu. Kama hilo halimfai, aseme sasa, kabla watu wangu hawajafunga safari.

"Sikiliza," akasema. "Mimi nimeshazika mume mmoja. Siolewi ili nizike wa pili kwa ajili ya kidonge cha Beberu. Mengine tutayajua humo humo ndani, sisi si watoto."

"Kwa hiyo Jumapili?"

"Waje. Na wafute viatu. Kaka zangu wana dharau."

Nimecheka njia nzima, peke yangu, watu wananiangalia.

Kesho naupeleka moyo Mbeya ukapimwe. Jumapili naupeleka Isongole.