Nafasi Iliyoachwa Chini ya Picha

Mbagala Kizuiani,
Dar es Salaam.
16 Juni, 2024

Mpendwa mwanangu Brightson,

Habari za huko Maskati, baba? Unakula? Kifua bado kinakubana, au umeshaacha kulala na ile mashine ya baridi? Sie hapa tupo. Goti langu linaniuma likipenda, na likipenda linaniacha. Bupe mwanao ni mzima, ila amekonda kwa kazi nitakayokueleza.

Barua hii anaiandika jirani yangu Mama Jesca, mie nasema tu. Nimemwambia asinirembee maneno. Kwenye simu kila nikifika kwenye la maana mtandao wako unakatika. Karatasi haikatiki.

Unaijua ile hoteli ya Mbweni iliyomwagiza Bupe picha ya maua, na unajua ulivyosema: wakiikataa, aache rangi aende chuo cha unesi. Alikubali. Tangu hapo kitambaa chake amekiwamba kwenye fremu ndefu kupita kitanda, akakiegemeza kwenye ukuta wa uani, na sie tunapita kiubavu kama kaa.

Mwanzo alichora mawaridi, kwa kuwa Mama Sesilia mwenye hoteli alimtumia picha za mawaridi kwenye simu. Nikamwambia yamekaa kama ya plastiki. Akanuna, akala, akayafuta yote kwa rangi nyeupe. Asubuhi nikamkuta amechuchumaa kwenye makopo yangu pale bombani, anayatazama yale maua madogo ya pinki yasiyodai maji. Ndiyo hayo, baba, tuliyompandia mkeo kule Chamazi.

Basi yakaanza kuota kwenye kitambaa. Sina neno jingine. Nikijilaza mchana kwenye mkeka, nikifumbua macho sijui niko Mbagala au niko Tukuyu ningali mtoto, ukungu haujapanda. Upepo ukipita, kitambaa kinapumua. Siku moja nilimwona marehemu mkeo Atuganile humo ndani, anapita taratibu, kanga kaifunga kiunoni, anainamia kila shina kama anayeliuliza hali. Sikumwita. Nilimwacha apite. Bupe akaja kuniuliza mbona nacheka usingizini.

Picha ikaisha, ila chini kushoto akaacha pahali patupu, udongo mwekundu tu, kiasi cha kiganja. Mama Sesilia aliipenda yote, halafu akagusa hapo. "Maliza hapa, mwanangu, ndiyo niipokee." Bupe akasema imeisha. Mama Sesilia akasema hawezi kuwatundikia wageni picha yenye kidonda. Ikarudishwa kwenye kigari cha kirikuu, na mtoto akaingia ndani bila hata kunisalimia.

Nikamfuata. "We Bupe, weka ua moja hapo, nani atajua? Unesi unakungoja."

Akanijibu, "Bibi, wewe ungempandia mtu aliye hai mche wake?"

Desturi ya nyumba yetu unaijua: kaburini kila mtu wa marehemu anapanda mche wake kwa mkono wake, na aliye mbali nafasi yake inaachwa mpaka afike. Ya kwako ipo Chamazi mpaka leo. Mie ndiye ninayeipalilia.

Juzi Mama Sesilia akaja mwenyewe. Bupe alikuwa sokoni. Akaniamkia vizuri, nikampa kigoda na chai. "Mama, nisaidie, huyu mjukuu wako ana kichwa kigumu." Nikamwambia amekitoa kwangu. Kisha nikamwambia yote: kwamba haya ni maua ya kaburini kwa mama yake mtoto, na hapo patupu ni pa mwanangu, hajaja. Nilipofunga mdomo ndipo nikajua nimeivunja kazi ya mtoto. Nani anataka kaburi hotelini?

Yule mama akakaa. Chai ikapoa, inzi akatua kwenye kikombe, hakumfukuza. Baadaye akaniuliza, "Na asipokuja?"

Nikasema, "Patakaa hivyo hivyo."

Akaitazama tena picha. Akasema kwao Songea walimzika baba yake yeye akiwa mbali, na mpaka leo hajafika hapo kaburini. Akampigia simu mtu wa kirikuu.

Sasa ipo juu ya ngazi, pale wageni wanapopita wakienda kulala. Nimeiona. Mtu anapanda na ufunguo mkononi, anasimama, mwenyewe hajui kimemsimamisha nini. Pale patupu hapajaguswa.

Kwa hiyo habari ya unesi imekwisha, ulitoa neno lako. Na kwa maziko hatukulaumu, tajiri alikushikia pasi ya kusafiria, tunajua. Nakulaumu kwa hii miaka ya baadaye, pasi ikiwa mfukoni mwako. Unaona haya, baba. Basi njoo nayo hiyo haya yako, tutaipokea.

Kaka yako Audax anakusalimu, na shangazi yako Tupokigwe anauliza kama umeota mvi. Mama Jesca anakusalimu kwa mkono wake huu huu. Mungu akufunike na jua la huko, akunyooshee njia ya kurudi.

Mche wako nimeutenga kwenye kopo la maziwa ya unga, mbali na kuku. Jana umetoa ua.

Ni mie mama yako, nikupendaye hata nikikukasirikia,

Mama Audax