Mtaa wetu tuliouchora kwa majivu

Kisangani, Mangobo

Mama yangu mpenzi,

Mguu wako umepoa? Na huko Ubundu mvua inawaacha mlale? Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe. Barua hii anakuletea binamu Justin kwa pikipiki, maana simu yako kila nikipiga inanyamaza.

Uliniuliza nani anang'oa majani kwenye kaburi la ndoyi wako, mtoto wetu Georgine tuliyempa jina lako. Nimekaa na swali hilo muda mrefu. Mama, kaburi halipo tena. Ulisikia kwamba nyumba zetu kule nyuma ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi zilibomolewa, lakini hukuambiwa yote. Mashine ilipita kiwanja chote, hata ile kona tulipomlaza mtoto, kisha wakazungushia ukuta. Nilienda kuomba niingie, mlinzi akanifukuza kama mwizi. Nimeandika, sasa unajua.

Tumepanga chumba kimoja hapa Mangobo, mimi, mke wangu na mtoto wetu Dieudonné. Kazi ya kujenga leo ipo, kesho haipo. Majani ya sombe tunakula, samaki tunanusa kwa jirani. Lakini kinachoniumiza si tumbo. Kule kwetu kila mtu alimwita mke wangu Mama Georgine, kwa jina la kifungua mimba wake, hata baada ya mtoto kufariki. Hapa wanamwona na Dieudonné tu, basi wanamwita Mama Dieudonné. Haitikii. Wanadhani ana majivuno. Siku nyingine hasemi neno tangu asubuhi hadi tunalala, na mimi naogopa.

Kisha wakaja vijana wachoraji. Walitaka sisi tuliobomolewa tuchore mtaa wetu wenyewe, chini, katika uwanja wa parokia, kwa kamba na majivu ya jikoni. Kila familia isimame ndani ya nyumba yake na kueleza ilivyojengwa: nani alifyeka kwanza, udongo ulichimbwa wapi, nani alisaidia kuezeka. Nilicheka. Nikamwambia mke wangu, wametukuta hatuna nyumba, sasa wanatupa ya majivu. Yeye akabeba ndoo, akatangulia.

Mama, ungeona watu. Kila mmoja aliongeza kiwanja chake. Fundi cherehani, aliyekuwa na vyumba viwili vya udongo, alijichorea jumba. Njia ya kwenda chemchemi ikapotea kabisa, na mtaa ukafika hadi kwenye ngazi za kanisa. Vijana walizunguka na karatasi zao wakituomba tupunguze, "Doucement, ba papa, doucement." Mimi pia niliongeza kidogo upande wa jiko.

Mke wangu hakuchora ukuta hata mmoja. Alienda moja kwa moja kwenye ile kona, akamwaga majivu kwa umbo dogo, akaketi kando yake. Ndipo akaja Mama Béa, yule jirani uliyegombana naye kwa ajili ya mpaka ulipotutembelea. Aliburuta kamba ya kiwanja chake mpaka pale.

"Mama Georgine, toka mu parcelle yangu," akasema. "Hii kona iko yangu tangu zamani, na weye unajua."

Mke wangu akageuka. Tangu tuhame, hakuna mtu wa nje aliyemwita hivyo.

"Mutoto wangu ndiye analala hapa," akajibu.

"Analala mu parcelle yangu. Alors, weye ukienda soko, nani alikuwa anatosha majani juu yake? Ni miye. Unafikiri yalikuwa yanajitosha?"

Mama, hatukujua. Miaka yote tulipaona pasafi, mimi nikidhani ni mke wangu anayeng'oa majani, yeye akidhani ni mimi. Mke wangu alilia kwa sauti, na Mama Béa akaketi pale pale kwenye majivu bila kuachia kamba. Usidhani walikumbatiana. Walibishana kuhusu mpaka hadi watu wakaanza kwenda zao, na mke wangu aliitwa Mama Georgine mara nyingi, tena kwa hasira, na kila mara aliitika.

Jioni mvua ilifagia mtaa wote. Vijana walisema ndivyo walivyokusudia, na kwamba picha zimebaki. Tumeshafagiwa mara moja, ya pili sikuitaka.

Baada ya hapo, kila Jumapili mke wangu alivuka mji kwa miguu kwenda kwa Mama Béa, na alirudi anaongea. Lakini Mama Béa ameshindwa na kodi. Wiki iliyopita alipanda boti kwenda Isangi kwa binti yake, na hatarudi. Mke wangu amenyamaza tena. Mimi namwita Mama Georgine, lakini anasema sauti yangu haitoshi, mtoto akijulikana na baba na mama tu, watu watasema hakuzaliwa.

Nisalimie kaka mkubwa kwenye mitumbwi yake, shangazi wa kwaya, na dada mdogo anayenyonyesha. Mwambie huyo mtoto wake nitamwona nikijaliwa nauli.

Na wewe, Mama, ukijibu usiniandikie mimi. Mwandikie yeye. Mwambie Justin asimame mlangoni petu mchana, majirani wakiwa nje, aite kwa nguvu: barua ya Mama Georgine.

Mwanao,
Alphonse