Koti la Pili la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Usishtuke kupata karatasi kutoka kwangu wakati simu ipo. Kwenye simu mimi na wewe hatujawahi kuvuka salamu. Nakuuliza hali, unaniuliza kazi, kisha kila mmoja anatafuta pa kukimbilia na simu anapewa Tausi. Ninalotaka kusema leo ni refu kidogo, na linahusu koti.

Unalikumbuka, najua. Miaka minne iliyopita, Tausi akiwa na mimba ya Riziki, uliahidi kushuka kuja kumkanda binti yako akishajifungua. Kutoka kwenu Uluguru hadi barabara ya gari ni mwendo wa saa nne, mzigo mgongoni, na ilikuwa masika. Mimi fundi cherehani nikajiambia, hapa ndipo mama mkwe atakapojua kwamba hakukosea kunipa mtoto. Nikanunua turubai la kijani, lile zito la kufunikia mizigo ya malori. Nililimwagia maji kutwa nzima na halikupitisha hata tone. Nilifurahi kama niliyefaulu mtihani.

Tatizo likawa vipimo. Mkwe azungushe tepu kifuani kwa mama mkwe wake? Bora ningefunga ofisi. Nilikukadiria kwa jicho la pembeni ulipokuja kwenye msiba wa shangazi yangu, ukipita uani na ndoo, nami najifanya naangalia kuku. Nikakata, nikashona, nikakutumia. Ukapiga simu: "Limenikaa vizuri mwanangu, ahsante sana." Nilitamba mtaa mzima.

Ulifika kwetu Gongo la Mboto unatetemeka. Kesho yake Tausi akashikwa na uchungu, na wewe ukalazwa kwa nimonia. Wiki ile nilikuwa natoka nyumbani na chupa mbili za uji, moja ya wadi ya wazazi, nyingine ya wadi yako. Jirani ndiye aliyemkanda Tausi. Riziki ulimwona akiwa na siku kumi na mbili, na ulipompakata ulilia, mimi nikatoka nje. Siku ya kuondoka ukaniambia, "Koti halina kosa, baba. Mvua ndiyo iliyozidi."

Nami nikakuamini! Mpaka mwaka jana tulipokuja kukusalimia, nikalikuta limefunika kuni. Tausi alicheka hadi akakaa chini. Akaniambia ulilivua kwenye mlima wa pili, kwamba lilikuwa linakukaba makwapani, na kwamba ndani ulikuwa umeshaloa jasho chapachapa kabla mvua haijaanza.

"Sasa mbona hakusema?" nikamuuliza.

"Akuambie wewe? Mkwe wake? We vipi!"

Kwa hiyo mimi niliona haya kukupima, na wewe ukaona haya kuniambia, na haya zetu zikakulaza hospitali. Nilicheka pamoja na Tausi siku ile, lakini iliniuma, Mama. Bado inaniuma.

Sasa Tausi anatarajia kujifungua mwezi ujao, na ni masika tena. Umetuma salamu kwamba kifua chako hakitaki mvua. Una haki. Tausi alisema sawa, tutamwomba jirani, kisha akageukia ukutani. Baadaye nikamsikia, "Namtaka mama yangu." Mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, Mama, anasema hivyo.

Ndiyo maana nimerudi kwenye koti. Nilianza na kitambaa cha miamvuli, maana ni chepesi mno, ukikikunja kinaingia mfukoni. Nikabeba kilo kumi za unga mgongoni, nikasubiri mvua, nikapanda nao kuelekea vilima vya Pugu. Kichwa kilibaki kikavu, lakini mabega yaliloa. Pale mikanda ya mkoba inapokandamiza, maji yanasukumwa kupenya. Kumbe kumwagia maji kitambaa kilichotandikwa si sawa na kumtuma mtu mlimani na mzigo. Hilo sikulijua miaka minne iliyopita.

Safari ya pili nikaenda Buguruni kwenye mitumba, nikapata hema kuukuu la nailoni, limepakwa utando mwembamba kwa ndani. Nilipuliza kwa mdomo, pumzi haikupita. Nikajua maji hayataingia, na nikajua pia jasho halitatoka. Hapo nikakaa siku mbili nakuna kichwa. Kila kitambaa nilichoweza kukipata, kinachozuia mvua kinafuga joto, na kinachopitisha upepo kinaleta maji. Mwishowe nikaacha kukilaumu kitambaa, nikageukia mkato. Koti hili la hema halina mikono. Ni pana, linakufunika wewe pamoja na mzigo wako, na pembeni liko wazi upepo upite. Mabegani sikuweka mshono, maana kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Mshono wa kofia nimeupaka gundi mara mbili. Mwenye bucha amelipima kwenye mizani yake, nusu kilo halifiki. Na makwapa sikuyahitaji kabisa, Mungu mkubwa.

Nikapanda tena Pugu na unga wangu, mvua ya kutosha. Vijana wa bodaboda wakapiga kelele, "Oya fundi, hilo hema unaenda kulipigia wapi?" Niliporudi Tausi akapitisha mkono mgongoni kwangu. Sitakudanganya, kiunoni palikuwa na jasho kidogo. Kwingine kote kukavu. Kisha akaanza kufagia chumba chako.

Lakini sitakutumia koti, Mama. Mara ya kwanza nilituma, ukanijibu kwa adabu, na tumeona adabu ilitufikisha wapi. Alhamisi nakuja mwenyewe. Huko kwenu mwezi huu mvua haihitaji kuombwa. Nitapanda saa zote nne nimelivaa, mzigo mgongoni, na nikifika nitalivua mlangoni nikupe mgongo uguse shati. Shati langu likiwa limeloa, sema limeloa. Nitakunywa chai yako, nitashuka peke yangu, na mtoto tutakuletea kiangazi bila kinyongo chochote. Likiwa kavu, funga mkoba twende.

Kama unaona vibaya kumgusa mkweo, mwite jirani yako Bi Siwema alishike shati kwa niaba yako.

Ila mimi ningependa ulishike wewe.

Mkweo,
Baba Riziki