Hapana Niliyoisema kwa Adabu

London,
Jumapili, kabla ya chakula cha mchana

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo, Baba, na Mama pia shikamoo, hapo mlipo Usevya. Nakuandikia kwa herufi kubwa zilizoachana kwa sababu dada Skolastika amenieleza kuwa siku hizi unasoma mwenyewe, na kwamba mwalimu wa kisomo amekuweka benchi la mbele. Nilifurahi mpaka nikamsimulia mama mwenye nyumba wangu. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na mpunga wa bondeni, ndege wamewaachia kitu mwaka huu, au mmeshinda juu ya dungu mkipiga madebe bure?

Mimi mwili ni mzima na chakula nakula. Usingizi ndio umenikimbia, na sababu yake nitakueleza wewe peke yako. Zamani barua zangu zilisomwa na katekista mbele ya watu wote, nami nilikuwa naandika kama mtu anayehutubia. Hii usimpe mtu. Mama msomee salamu, hayo mengine mweleze ukiona yanaelezeka.

Kazi yangu unaijua kidogo. Chuo kilinipeleka kufanya mazoezi ya ukarani katika kampuni moja ya televisheni, na mazoezi yakiisha mkubwa wangu ndiye atakayeniandikia barua ya sifa. Bila barua hiyo chuo hakitoi cheti, na bila cheti sijui nitashuka Mpanda na nini mkononi. Televisheni ni kama ile redio ya ofisi ya kijiji, ila ina kioo mbele, na wanaosema unawaona. Hapa karibu kila nyumba inayo. Watazamaji wasiporidhika huandika barua, na sisi katika chumba chetu tunazifungua, tunazipanga na kupiga chapa majibu. Anayetunga majibu ni Bwana Henley, mkubwa wa chumba. Ni mtu mpole. Hunimiminia chai kwa mkono wake, Baba, mzee wa umri wako.

Kuna mchezo wa kuchekesha unaoonyeshwa kila Jumamosi jioni. Ni habari za nyumba ya wapangaji. Mpangaji mmoja ni mtoto wa chifu kutoka Afrika, lakini anayecheza ni Mwingereza aliyepakwa rangi nyeusi usoni na mikononi. Nyuma ya shingo hawakufika, ukitazama vizuri unaona. Huyo mtoto wa chifu simu ikilia anaingia chini ya meza. Analala na mkuki. Yeye humwita kila mtu Bwana Mkubwa, hata paka. Bi Doris, mama mwenye nyumba wangu, hucheka mpaka machozi yanamtoka. Siku moja akanigeukia.

"Samahani, Deo. Kwani kwenu mnaziogopa simu kweli?"

"Bibi, kwetu Usevya hakuna simu ya kuogopa."

Akacheka kuliko alivyomcheka yule wa kwenye kioo, nami nikacheka naye.

Nisikufiche, siku za kwanza nilicheka kwa moyo. Niliutazama kama vile unamhusu mtu wa nchi nyingine kabisa. Kilichoanza kunisumbua ni mambo ya barabarani. Asubuhi kondakta wa basi ni mtu mweusi wa visiwa vya Karibi. Hospitali niliyokwenda nilipoumwa jino, aliyenipokea ni muuguzi mweusi. Anayetuuzia mkate na maziwa ni Mhindi. Jioni ukikaa mbele ya kioo, wote hao hawamo. Humwoni muuguzi akirudi nyumbani, akavua viatu, akagombana na mume wake kuhusu chumvi kama watu wengine. Yumo mtoto wa chifu, yumo mwizi wa wiki hii, na kwenye habari wamo wenye njaa. Basi mtu nikikutana naye mara ya kwanza hunitazama kana kwamba ananijua tayari.

Sasa kosa langu. Mwezi uliopita Bwana Henley alikuja akakaa kwenye kona ya meza yangu, ameshika barua za watu wanaoulalamikia mchezo huo.

"Deo, wewe ni Mwafrika hasa. Mchezo huu umekuudhi?"

"Hapana, bwana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, bwana. Ni mchezo mzuri."

Baba, mtu amenimiminia chai, kisha ananiuliza habari za kazi ya nyumba yake. Ningemwambiaje? Unakumbuka tulipokwenda Inyonga kumposea kaka Joseph, tukapewa ugali uliojaa mchanga? Uliumaliza wote, ukanawa, ukasema, "Tumeshiba sana, mama, asante." Mimi nilikuwa nakutumbulia macho, ukanikanyaga mguu. Tulipofika porini ndipo ulipotema mate ukaniambia, "Haya, hapa lalamika unavyotaka." Bwana Henley nilimjibu kwa adabu ile ile. Sikujua kuwa hapa ukisema umeshiba, wanaandika kwenye karatasi kwamba ugali hauna mchanga.

Jumatano iliyopita akaniletea jibu jipya alilolitunga. Linasema kampuni haikukusudia kumdharau mtu yeyote, na kwamba mwenzetu Mwafrika, anayefanya kazi katika chumba hiki hiki, huutazama mchezo huu kila wiki na kuufurahia. Chini, mahali pa saini, jina lake halipo tena. Lipo langu. Nilitakiwa kupiga chapa nakala kwa kila aliyelalamika, halafu nisaini.

"Jina la pili liandike lote," akasema. "Hilo Deogratias watadhani ni Mtaliano."

Jina la pili ni Kazumba, jina la baba yako.

Nilipiga chapa. Vidole vilifanya kazi yake mpaka nilipofika kwenye barua ya mama mmoja muuguzi, mzaliwa wa Jamaika, na hapo nikafanya jambo ambalo karani mwenye kazi nyingi halifanyi, nikaisoma yote. Ana binti wa miaka saba. Shuleni wenzake wanamwita Chifu, na kengele ikilia wanamsukuma chini ya meza ili wacheke. Anaandika kwamba kila Jumatatu asubuhi mtoto anaumwa tumbo, na Jumanne amepona. Anasema yeye ni muuguzi, tumbo analijua, na hilo si tumbo. Hakutukana hata neno moja. Mwishoni aliuliza kama katika kampuni nzima kuna mtu mmoja anayefanana na mwanawe, na kama yupo, anasema nini.

Jibu lilikuwa tayari kwenye mashine yangu.

Ijumaa nikasimama mbele ya meza ya Bwana Henley.

"Bwana, yale niliyokuambia mwezi uliopita..."

"Ndiyo?"

"Niliyasema kwa sababu uliniuliza wewe."

"Sasa nilitakiwa kumtuma nani akuulize?"

Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Aliweka kalamu chini taratibu.

"Deo, ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?"

Nilitaka kumweleza habari za ugali wa Inyonga, nikaona itachukua siku nzima na bado hataelewa. Akasema kwa sauti ya chini, "Nilidhani tunaelewana. Hata ile barua yako ya chuo nimeshaianza. Chukua hizi nyumbani, zisaini kwa utulivu, uniletee Jumatatu." Akazitia kwenye bahasha kubwa mwenyewe. Nilipokuwa mlangoni akaniuliza kama nina mwavuli, maana nje mvua ilikuwa inanyesha.

Siku mbili hizi nimezunguka na bahasha ile kama mtu aliyebeba yai. Nikiiweka mezani naitazama, nikiitia chini ya kitanda nainama kuangalia kama ipo. Jana nikaona bora nitoke, nikaenda kwa Bwana Kanji, yule Mhindi wa duka. Zamani alikuwa na duka Tabora, na mtaani kwetu ndiye mtu pekee ninayezungumza naye Kiswahili. Alikuwa juu ya ngazi akipanga makopo ya samaki. Nikamweleza yote.

"Saini," akasema bila kugeuka. "Saini, pata cheti, panda ndege, nenda kawe mkubwa Mpanda. Kule nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Utasahau. Mimi mbona nimo humo humo kwenye kioo? Mwenye duka, Mwingereza kapakwa kahawia, kila wiki anawaibia watu kwenye mizani. Wateja wangu wakitoka hapa wanahesabu chenji mara mbili, halafu wananichekea. Nimekufa?"

"Hujafa, Bwana Kanji."

"Basi." Akashuka ngazi moja, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Lakini mimi hawakuniuliza, kijana. Toka nifike nchi hii hakuna mtu aliyeniuliza yule mwenye duka ni mimi au si mimi. Wewe umeulizwa."

Kisha kama aliyejikasirikia mwenyewe akaanza kunifukuza. "Haya nenda, nenda! Umenisimamia dukani saa nzima hujanunua hata kiberiti." Nikanunua bahasha moja.

Leo asubuhi nimemwandikia yule muuguzi kwa mkono. Anuani yake nilikuwa nimeinakili kutoka kwenye jalada la ofisi, na hilo peke yake linatosha kunifukuzisha kazi. Nimemwambia: "Bibi, umeuliza kama yupo mtu anayefanana na binti yako. Yupo mmoja, karani wa mazoezi. Nilipoulizwa na mkubwa wangu nilisema mchezo ule ni mzuri. Nilisema kwa adabu na kwa woga, na haikuwa kweli. Ninapoutazama ninaona aibu, ingawa si mimi niliyejipaka rangi. Mwambie binti yako kwamba hata mimi, mtu mzima, Jumatatu naumwa tumbo." Nikaandika majina yangu yote mawili.

Nimeitia kwenye sanduku la posta nikienda misa. Sikungoja mpaka nitoke kanisani, kwa kuwa najijua, baada ya misa ningekuwa nimeshapata sababu nzuri ya kuirudisha mfukoni. Padre alisoma Injili, lakini ukiniuliza ilikuwa ya nani siwezi kukuambia. Nilikuwa nahesabu watu weusi waliokuwa kwenye mabenchi, Baba, kama mtu anayetafuta mashahidi. Zile barua nyingine ziko hapa mbele yangu kama zilivyotoka kwenye mashine, mahali pa saini peupe. Kesho saa tatu nitaziweka mezani kwa Bwana Henley. Akiniuliza tena lile swali lake, nitamjibu nilidanganya wakati ule. Nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea.

Msalimie Mama, mwambie akande mguu kwa maji ya moto asibishane na dada. Msalimie kaka Joseph na shemeji, na watoto wao. Skolastika mwambie barua zake nazisoma mara tatu tatu. Mjomba wa Ilembo akija kuwatembelea mwambie koti alilonipa lingali zima, na hapa bila hilo ningeumia. Mpe katekista shikamoo yangu, na umwombe radhi kwamba safari hii hakuletewa barua ya kusoma. Mwalimu wa kisomo mpe mkono wangu wa shukrani.

Baba, najua umewaambia watu kwamba mwanao atarudi na cheti cha Ulaya, na najua ni wewe utakayetazamwa usoni kama sitarudi nacho. Hilo ndilo linaloniuma kuliko Bwana Henley. Ikitokea nimeshuka kwenye treni pale Mpanda mikono mitupu na watu wakakuuliza kulikoni, usinifunikie, usiseme nilikuwa mgonjwa. Waambie wanikalishe chini waniulize mwenyewe, na niulizwe mbele ya watu wote.

Ni mimi mwanao anayekuheshimu,

Deogratias Kazumba