Babu Yako Hajafutika

Mjukuu wangu Kalunde,

Huna adabu. Miezi minne hakuna shikamoo, simu hupokei, na huko Dodoma watu wanakuita msomi! Kisomo gani hicho cha kumnunia bibi? Kaa chini usome.

Unakumbuka ule mchana wa mvua? Ulikaa mkekani, kompyuta ya marehemu babu yako juu ya stuli, bati linaimba. Ulisema unaniwekea Android, mfumo wa simu, kando ya ule wa zamani, nione nyuso za wanangu kwa ukubwa, maana kwenye simu kila kitu kwangu ni sisimizi.

"Na babu yako unamhamishia wapi?"

"Hahami, bibi. Nagawa diski tu. Wake wawili, kila mmoja na chumba chake."

"Na atakayelala kwenye baridi nani?"

"Wewe, mke mkubwa!"

Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Upande wa zamani ndiko babu yako alikoacha sauti yake. Alikuwa akijirekodi jioni, anasimulia njia aliyopita babu yake mpagazi, mzigo begani, toka hapa Unyanyembe mpaka pwani. Kituo kwa kituo, kwa Kinyamwezi chake cha taratibu. Anakohoa, anaendelea. Wewe umelala mapajani pangu, mimi nachambua karanga. Nikifumba macho, msafara ule unapita ukutani, polepole, wala vumbi halitimki.

Kesho yake, baada ya wewe kuniwekea Android, niliwasha mwenyewe. Nikafanya kama tulivyozoea redio yake: unawasha, unaiacha ipate moto, unakwenda kukoroga maharage. Niliporudi nikakuta mambo ya simu tu, virangi virangi. Babu hayupo. Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikapiga kelele, mtaa mzima wa Mtendeni ukasikia: "Umemfuta babu yako!" Ukasema, "Bibi, sijamgusa." Nikakwambia usikanyage tena kwangu. Hukukanyaga.

Juzi mguu uliniuma, sikwenda jikoni. Nikakaa palepale mbele ya mashine. Kumbe kwanza huleta majina mawili, moja juu, moja chini, na namba zinarudi nyuma: kumi, tisa, nane. Inangoja mtu achague! Usipochagua, inajiendea yenyewe upande wa simu. Jina la chini ni la ule mfumo wa babu yako. Namba zikaisha nimeshika mdomo.

Mbona hukuniambia nisiondoke pale? Au uliniambia. Siku ile nilikuwa naongea mimi.

Tangu hapo natembea humu ndani kama niko majini. Namenya muhogo, naacha katikati. Yuko nyuma ya kile kioo, amenyamaza tu, anangoja aitwe. Nimewasha mara tatu. Kidole kinafika, nakirudisha. Nimemzika peke yangu kimoyomoyo mara ya pili kwa kosa langu; kumsikia peke yangu siwezi.

Sikuombi radhi kwenye karatasi, mimi nimekuzidi umri. Jumamosi panda basi la alfajiri. Ukifika usisimame mlangoni kama mgeni: ingia, keti karibu yangu, ubonyeze lile jina la chini, kisha sauti yake uitoe uiweke na kwenye simu yako, kabla mashine hii haijazimika.

Bibi yako, mzaa baba