Neno la Jioni

Jumatatu, 3 Machi

Baba ameshinda tena. Neno lilikuwa *lieutenant*. Niliruka herufi — mimi, mwenye shahada ya isimu. Alicheka hadi kikohozi kikamkaba. "Msomi, irudishe shahada yako, wakupe ya kukoroga uji."

Mchezo ni uleule wa tangu alipokuwa akichora mabango ya maduka, nami nikimshikia ngazi: mwenye zamu hutoa neno gumu la Kiingereza, kisha hudai tahajia, kisawe na tafsiri. Bango la kinyozi lingali limeegemea ukuta wa sebule, nusu limepakwa. Amesema nimwombe kinyozi avute subira, akipona atalimalizia.

Jumatano, 5 Machi

Daktari aliniita kando, baba akivalishwa shati nyuma ya pazia. Saratani imeenea. Dawa zisitishwe; kilichobaki ni *palliative care*. Nilimbishia. Nikamtaka atumie neno la kueleweka. Akavua miwani, akaniuliza basi atumie lipi.

Nimepekua kamusi. Kutuliza. Kupoza. Kupunguza makali. Maneno ya kukwepa, yote. Asili yake ni Kilatini: joho la kufunikia. Nilifurahi kuligundua hilo, kisha nikajiona mpumbavu.

Ijumaa, 7 Machi

Dada anataka nimwambie baba. Nilimweleza kwamba neno lile halimaanishi kukata tamaa. Nikatoa hoja na ushahidi. Yeye akaendelea kukamua kitambaa.

"Bishana na kamusi, mdogo wangu. Mimi ndiye ninayemgeuza. Akiuliza mbona harudi kwenye dripu, namwambia mashine mbovu. Mashine gani hiyo haina fundi?"

Nikasema basi amwambie yeye.

"Maneno ya daktari uliyasikia wewe. Mimi nitasimulia nini, machozi yako?"

Nimeahidi kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Sikusema. Zamu ilikuwa yangu, nikampa *bicycle*. "Leo umenionea huruma," akasema, akageukia ukutani bila kujibu.

Kinyozi amepita kuuliza bango lake. Nimemwambia asubiri. Uongo wangu wa pili kwa siku moja.

Jumapili, 9 Machi

Leo zamu yake. Jua lilikuwa bado dirishani. Dada alikuwa akikunja mashuka. Baba aliomba mto mgongoni, akaweka mikono juu ya blanketi kama mtahini.

"*Palliative*," akasema, taratibu, kwa matamshi safi kuliko ya daktari.

Pazia la hospitali ni nguo tu. Nilisahau.

Dada akaacha kukunja.

"Tahajia." Nikaitaja herufi kwa herufi. Nilitamani nikosee, ili turudie. Sikukosea.

"Kisawe." Nikasema *soothing*. Akatikisa kichwa kukubali, bila kutabasamu.

"Haya, tafsiri. Na usinipakie rangi juu ya kutu, mwanangu. Nataka kujua kama brashi nimpe fundi mwingine."

Nikasema ngoja niangalie kamusi. Nikatoka.

Nimo chumbani mwangu. Kamusi iko mezani, sijaigusa. Mlango umebaki wazi — namsikia dada akinyanyuka anifuate, na baba akimzuia.

"Mwache. Tafsiri anayo. Ataileta."